Mwaka Filamu Ilipotunyang'anya Mwisho Wetu

Awuor, binti ya marehemu Odhiambo, aliniuliza swali moja wiki ile tuliyomzika baba yake, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Tulikuwa jikoni kwake hapa Kericho, masufuria ya matanga bado hayajarudishwa kwa wenyewe, mvua inapiga mabati, sisi wawili na birika la chai. Akaniangalia kwa adabu zake zile, akasema, "Anti Chebet, usikasirike, lakini mbona kitabu chenu kiliharibu mwisho wa filamu?" Kiliharibu! Kitabu! Nikaweka kikombe chini kabla sijakimwaga. Nikamwambia, "Mwanangu, kitabu kilitangulia. Filamu ilizaliwa kwa kitabu." Akasema anajua, hilo anajua, babake alimwambia tangu utotoni, lakini filamu ndiyo inamaliza poa. "Kwa kitabu hakuna mtu anawin," akasema. Nikamjibu kwamba kwa kitabu kila mtu anashinda. Akainua mabega. "Si hiyo ni same tu na hakuna?" Loo! Odhiambo angekuwa hai angecheka mpaka akohoe. Mimi sikucheka.

Halafu akanitolea lililokuwa moyoni mwake. Watu wa filamu wa Nairobi, wengine wapya, vijana, wanataka kuitengeneza hadithi yetu upya, safari hii iwe mfululizo wa vipindi. Kwa kuwa Odhiambo ametutoka, wanahitaji ndiyo ya Awuor kwa niaba ya babake na ndiyo yangu. Wangepiga simu jioni hiyohiyo. Yeye alishaamua kukubali. Alitaka jina la babake lisikike tena. Nilimwelewa, tena sana, maana mtoto aliyefiwa hushika chochote chenye jina la mzazi wake. Lakini mimi ndiyo yangu siigawi hivyo. Nikamwambia aongeze maji kwenye birika na majani mengine, anisikilize, kwa sababu mwaka ule ndio ulionifanya mtu wa kukataa mambo, na yeye hajawahi kuusikia kutoka kwangu.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushee, mwalimu wa muda katika shule ya msingi iliyopakana na shamba la chai la kampuni moja ambayo sitaitaja. Odhiambo alifanya kazi kiwandani, upande wa kunyausha majani, na aliishi na mama yake kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, kila mlango unatazama mlango. Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua mekundu. Upande huu kitanda cha Mama, upande ule meza, na juu ya meza kalamu za wino mweusi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata kwa kufuta vumbi. Jumamosi nilitoka kwetu Merigi na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwa masizi, nikamkuta Mama amekaanga omena, dagaa wa kwao, kwa nyanya na ugali umeshasimama kwenye sahani. Yeye mtu wa ziwani aliapa kwamba mursik ni maziwa yaliyoharibiwa na majivu. Mimi niliapa kwamba omena inanikodolea macho. Tukala vyote viwili, kila mmoja akimcheka mwenzake, na Odhiambo akatuambia tunyamaze anachora.

Alichokuwa akichora kilitoka mdomoni mwa wanawake wa laini. Mlango ulikuwa wazi kila mara, na bomba la maji lilikuwa hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo tulisikia yote. Mwaka ule habari ilikuwa moja: mashine zinakuja. Zilikuwa zimeonekana shamba la pili, zinanyoa chai kama mtu anayenyoa kichwa cha mtoto, na watu wanazitazama wamesimama. Mmoja akasema hazitaweza kwenye miteremko. Mwingine akasema, "Zitaweza tu, hawa watu hawashindwi." Mimi nilisikiliza nikaandika, Odhiambo akachora, na hivyo ndivyo kilivyozaliwa kitabu chetu cha katuni, Shamba Bila Mikono. Ilikuwa nchi ya siku zijazo, siku zilizooza. Shamba moja limemeza nchi nzima. Hakuna mji, hakuna kanisa, ni chai mpaka upeo wa macho, na katikati yake mzani mmoja mkubwa unaopima kila mtu kila jioni. Anayepungua anaondolewa. Haambiwi anapelekwa wapi.

Sasa, ili uelewe ugomvi wote uliofuata, lazima uijue desturi moja ya wachumaji ambayo haikuandikwa popote. Wanawake wanapochuma wanakwenda kwa mistari, kila mmoja na wake, kikapu mgongoni. Akiwepo mgonjwa, au aliyejifungua juzi, au aliyefiwa na mikono haimtii, wenzake hawamwambii kitu. Wanapompita kila mmoja anatupa konzi ya majani ndani ya kikapu chake, huyu konzi, yule konzi, bila kusimama, bila hata kukatiza maneno. Jioni anapima kama wengine. Nyapara aliyekuwa akiwasimamia alijua, na pengine mke wake mwenyewe aliwahi kujaziwa hivyo. Mama alituonyesha kwa mkono wake chumbani, akitupa majani ya sukuma wiki kwenye karai, na mara ile Odhiambo akaacha kalamu. "Chebet," akasema, "mwisho wetu ndio huo." Ukawa huo. Kwenye kurasa za mwisho wachumaji wa shamba lile kubwa wanaanza kutupiana konzi, safu kwa safu, mlima kwa mlima, mpaka vikapu vyote vinalingana. Mzani unapima, unapima, haumpati wa kuondoa. Haujui tena nani dhaifu nani hodari, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, basi unasimama. Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja. Una nyuso, nyingi, ndogondogo, na hakuna iliyo kubwa kuliko nyingine.

Tulikitoa nakala kwenye duka la fotokopi mjini, tukakishona kwa uzi wa gunia, tukakiuza siku za soko. Soko la Silibwet walikinunua wakasema ni habari za viongozi. Chepilat, pale mpakani mwa makabila mawili, watu wa upande huu walisema kinawasema wa upande ule, na wa ule wakasema kinawasema wa huku, wote wakanunua. Sisi tukacheka njia nzima. Sijawahi kuwa tajiri wa furaha kama miezi ile.

Kisha akaja Dairekta. Nitamwita hivyo kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Alitoka Nairobi na koti la ngozi kwenye baridi yetu, akafikia hoteli ya wageni mjini, akatuita chakula cha mchana. Mimi na Odhiambo tukala kuku tukiwa tumekaa wima kama waliokuja kuposa. Yeye ndiye wa kwanza kukiita kitabu chetu riwaya ya picha. Sisi tulikuwa tunaita katuni. Alikipenda kweli, simzulii. Alijua kurasa kwa moyo. Lakini alipofika kwenye matunda akafuta mkono, akasema, "Hadithi yenu ni moto. Shida ni moja. Haina shujaa." Nikamuuliza wale wote wa ukurasa wa mwisho ni nani. Akasema, "Hao ni umati, dadangu. Umati hauigizi. Mtu akilipa kuingia sinema anataka kumshika mtu mmoja mkono amfuate mpaka mwisho." Akaeleza alivyoiona yeye: msichana mmoja, mrembo, mwepesi wa mikono kuliko wote, anashindana na mashine na kuishinda. Nikamwambia kwetu mwepesi ndiye anayetupa konzi nyingi zaidi, hashindani na mtu. Odhiambo akanikanyaga mguu chini ya meza.

Tuligombana njia nzima ya kurudi, mimi na Odhiambo. Yeye alisema kitabu kinasomwa na watu wa masoko matatu, filamu itaonwa na nchi. Mimi nikasema nchi itaona nini sasa, kama walichokiona si chetu? Akasema, "Wewe unataka kubaki mkulima wa fotokopi mpaka uzeeke." Ilinichoma. Nilishuka kwenye matatu nikaenda zangu bila kuaga. Mwishowe nilikubali kwa sharti moja, nililomwambia Dairekta usoni, mbele ya Odhiambo: afanye msichana wake akitaka, lakini konzi zibaki. Akanipa mkono. "Hiyo ndiyo roho ya kitabu," akasema, "nitaiguseje?" Watu wameniuliza miaka yote kama najuta kumwamini. Sijuti hata kidogo. Aibu ya ahadi ni ya anayeivunja, na mimi siibebi ya mtu mwingine.

Na kweli alizipiga picha. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Aliwachukua wanawake wa laini siku yao ya mapumziko, akawapanga kwenye mteremko, Mama akiwa katikati, na wakatupiana majani kuanzia umande haujakauka mpaka mikono inawaganda. Mara "rudieni," mara "jua limejificha, ngojeni," mara "mama, usiangalie kamera." Mama Chelangat, jirani wa Mama, alikuwa anacheka tu. "Hii bicha itanimaliza," akasema, "kazi ya kambuni haijawahi nichokesha hivi!" Walipewa soda na mkate. Hawakulalamika. Jioni Mama alinikuta kwenye bomba akaniambia, "Nyathina, mwanangu, nimetupa konzi kama ya kweli. Sikuigiza." Nikaona uso wake umelainika, mwanamke ambaye siku zote aliinama kwenye chai na sasa kuna mtu amemwinua akamtazama.

Filamu ikaletwa kuonyeshwa kwenye ukumbi wa laini, Jumapili baada ya ibada, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Meneja wa shamba na wageni wake mbele, kwenye viti vya plastiki. Sisi nyuma, kwenye viti vya mbao. Wanawake walikuja na nguo za kanisani. Mama alikuwa na kilemba cha samawati nisichowahi kukiona. Ilianza na ukungu unapanda kutoka kwenye chai, kijani, kijani ya kukufanya umeze mate, na ukumbi ukapiga mbinja: "Hapo ni kwetu!" Mimi nikakumbuka kurasa zetu. Odhiambo alikuwa amechora chai nyeusi. Alimwaga wino mpaka vilima vikaonekana kama kitu kilichoungua, ili msomaji akae ndani ya kitisho. Huku kitisho kimekuwa tangazo la pakiti ya majani. Wale waliokuwa wakiondolewa na mzani wanaondoka kwenye machweo mazuri hivi kwamba ungetamani kwenda nao.

Na hadithi ikaenda ilikokwenda. Msichana, kucha zake safi, anashindana na mashine, jasho, muziki, anashinda. Shamba lililomeza nchi halipo tena; kuna nyapara mmoja katili, na ubaya wote umewekwa juu ya kichwa chake. Anafukuzwa. Mwenye shamba anatokea kwenye gari, mzee mpole ambaye hakujua kinachoendelea, maskini, anampa msichana ofisi yenye dirisha. Msichana anatazama wachumaji kupitia kioo, anatabasamu. Majina yakaanza kupanda. Watu wakapiga makofi, kwa nguvu. Mama naye akapiga. Siwezi kusema hawakuipenda, wengine walilia, na taa zikawashwa.

Lakini wanawake wa mteremko hawakusimama. Walibaki wameketi, mikono mapajani, macho kwenye kitambaa kile cheupe. Nikachelewa kuelewa, kisha nikaelewa. Walidhani sehemu yao bado inakuja.

Dairekta akauliza kama kuna swali. Mama akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mimi ni mama ya huyu Odhiambo," akasema. "Tulikuja ile siku tukatupa majani. Sasa sisi tuko wapi?" Dairekta alijibu vizuri, hilo silikatai. Alisema picha yao ilikuwa nzuri mno, aliipenda sana, lakini filamu ilikuwa ndefu, na wakiwekwa wote hakuna atakayejulikana hata mmoja, kwa hiyo msichana amewabeba wote moyoni mwake. Meneja akatikisa kichwa kukubali. Ukumbi ukapiga makofi tena. Mama akasema, "Sawa, baba," akaketi, akakitoa kile kilemba polepole akakikunja.

Hapo ndipo niliposimama. Sikupanga. Nilipanda juu ya kiti cha mbao na kitabu mkononi, nikaanza kusoma mwisho wetu kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la nyuma. Dairekta akasema, "Dada, tafadhali." Nikaendelea. Meneja akamwambia mtu wa ukumbi atutoe afunge milango. Nikaendelea, nikajua fika kesho yake naweza kukosa kazi, na nikasikia raha ya ajabu, raha ya mtu aliyekuwa amebeba mzigo akautua. Nilifika zile kurasa zisizo na maneno nikakwama, maana pale hakuna cha kusoma. Ndipo Odhiambo, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akaja akanipokonya kitabu, akakifungua akakiinua juu. "Tokeni nje kwenye mwanga," akawaambia, "mjionee." Wakatoka. Kwenye nyasi kando ya tangi la maji wakamzunguka, na wakaanza kujitafuta, kwa maana alikuwa amewachora hawahawa, kila mmoja na pua yake. "Huyu ni mimi!" "Si wewe, wewe huyu, ona hayo masikio!" Mama Chelangat alijipata akapiga kelele ya harusi. Mama alijitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Huku hawajanitoa."

Jumatatu shule ikaniambia nafasi ya mwalimu wa muda imejazwa. Kitabu kikapigwa marufuku kwenye laini zote za kampuni. Nikaenda kuuza vitabu sokoni, nikaandika vingine, ndio huu mkate ninaokula mpaka leo. Odhiambo alibaki kiwandani, na tukaendelea kubishana mpaka anakufa. Yeye alishikilia kwamba bila ile filamu hakuna ambaye angekitafuta kitabu, na nusu ya hilo ni kweli. Walikuja watu kutoka mbali wakiwa wameona filamu kwanza. Nusu nyingine ni hii. Mashine zilipofika kwetu kweli, na sasa zinanguruma kila asubuhi kwenye vilima hivi ambavyo zamani vilikuwa na nyimbo, nilisikia watu wakiambiana, "Kaza mkono. Ukiwa mwepesi kuliko wengine watakubakisha." Mwanamke kwa mwanamke, jirani kwa jirani. Wakaacha kutupiana konzi. Kila mtu akakimbia na kikapu chake, na mashine haichoki, ikawapita wote, wepesi na wazito. Sisemi filamu ndiyo iliyoleta mashine. Nasema watu walipohitaji kukumbuka kwamba wako pamoja, walikuwa wameshafundishwa, kwa muziki mtamu, kumtazama mmoja. Siasa ya hadithi iko hapo, kwenye nani anaonekana mwishoni. Ukibadilisha hapo umebadilisha yote, hata ukiacha kila neno jingine mahali pake.

Awuor hakuwa amezaliwa mwaka ule. Hakuwahi kuambiwa habari ya kilemba. Chai yake ilikuwa imepoa ikafanya utando. Simu ikalia, akaiweka sauti kubwa ili nami nisikie. Kijana wa Nairobi alitupa pole za msiba, kwa heshima nzuri tu, kisha akaingia kwenye kazi. Walikuwa na wazo jipya, akasema, wazo kali. Safari hii hawatamweka yule msichana. Shujaa atakuwa Odhiambo mwenyewe: kijana maskini wa kiwandani, kipaji cha pekee, peke yake dhidi ya kampuni nzima, kalamu yake tu. Vipindi vyote vitamfuata yeye.

Nikamwona Awuor amefumba macho. Hiki ndicho alichokuwa anakitaka, jina la babake, uso wa babake. Nilikuwa na hapana yangu tayari mdomoni, lakini niliogopa ndiyo yake.

"Na nyanya yangu?" akauliza. "Na Anti Chebet, na wale wamama wa kutupa majani?"

"Watakuwepo, watakuwepo," kijana akasema. "Tutaona vile itatosha."

Awuor akafungua macho. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Basi hapana," akasema. "Kama mnataka mtu mmoja, mtafutieni hadithi yake. Hii ina wenyewe."